Vidole vya Nyota

Desemba iliyopita nilimpeleka binti yangu Kariakoo kununua viatu vya sikukuu. Mtaa mzima ulikuwa unameta. Miti ya plastiki imesimamishwa mbele ya maduka, imetandazwa pamba matawini iwe theluji, katika jua lile la Dar es Salaam linalolainisha lami. Taa za rangi zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima. Juu ya mlango wa duka moja ilining'inia nyota kubwa nyeupe, yenye ncha nyingi zilizoelekea kila upande. Nikasimama. Binti yangu akadhani nimeona viatu, akatazama nilikotazama.

"Baba, hii wanaitengenezaje?"

"Inanunuliwa," nikamjibu.

Jibu hilo lilinitoka kabla sijalipima, na tangu siku ile limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Maana mimi najua inavyotengenezwa. Niliitengeneza nikiwa na umri wake, miaka saba, kwa karatasi ya manila na gundi ya unga wa muhogo, kwenye meza ya babu yangu, chini ya Mlima Rungwe, nikiwa mmoja wa wajukuu 13.

Kwetu sisi mti wa Krismasi haukuwa jambo la kusumbua akili. Lilikuwa tawi la msaipresi lililokatwa asubuhi ya mkesha, likachomekwa kwenye ndoo ya mchanga, likavishwa bendera za karatasi na maputo mawili matatu, kazi ya nusu saa. Maandazi tuliyakata wenyewe, yakawa na sura za samaki na ndege, na mengine yasiyo na sura yoyote. Mazoezi ya kwaya ya watoto yalikuwa kila jioni. Lakini nyota ilichukua majuma manne, na nyota ndiyo iliyotuambia kwamba Krismasi inakuja.

Jumapili ya kwanza ya Majilio, mchana ukielekea jioni, mvua imepungua na migomba bado inadondosha maji, babu alipanda ngazi akalishusha sanduku kutoka darini. Hakuita mtu. Alilipangusa kwa kiwiko cha koti, akaliweka juu ya meza ya mvule aliyoiranda mwenyewe ujanani, kisha akaenda kunawa mikono. Akirudi, meza imekwisha kuzingirwa. Wakubwa wamesimama, wa kati wamepiga magoti kwenye viti, wadogo wameweka videvu ukingoni kama vifaranga wanaochungulia tenga. Alikuwa fundi seremala, na useremala aliufundishwa misheni akiwa kijana. Mikono yake ilikuwa mikubwa, imechanwa na mbao miaka mingi, na mtu asiyemjua asingeweza kuamini kwamba mikono ile inaweza kushika karatasi.

Ndani ya sanduku vilikuwamo vidole. Ndivyo alivyoziita zile ncha za nyota, vidole, nasi hatukuwahi kuziita jina lingine. Vilichomekwa kimoja ndani ya kingine kama ndoo dukani, na pembeni mwa kila kitako pameandikwa jina la mtoto kwa penseli. Nyota kamili ina vidole 25: 17 vyenye kitako cha pande nne, na 8 vya pande tatu. Kiwiliwili kinachovibeba kina nyuso 26, na uso mmoja huachwa wazi ili taa ipate pa kuingilia. Babu aliona mkono wa Mungu katika hesabu hiyo, maana wajukuu 13 kwa vidole viwili viwili ni 26, na kimoja kilichopungua kilikuwa cha kitindamimba wetu. Yeye alikuwa na kidole kimoja tu, lakini ndiye aliyepewa kazi ya kupitisha taa katika tundu lile, kwa kuwa mkono wake peke yake ndio uliopenya.

Jumapili ya kwanza ilikuwa ya ukaguzi. Kila mtoto alipewa vidole vyake, akavigeuza, akavitazama kama mwenye shamba anavyotazama migomba baada ya upepo. Kilichobonyea kilinyooshwa. Kilichoachia mshono kiliwekwa kando. Kilichoraruka kilikuwa kimekufa, na mwenye nacho alijua kwamba ana kazi ya kuanzia mwanzo. Na mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka ule alivaa shati safi siku hiyo, kwa sababu ndiyo siku aliyokatiwa karatasi yake ya kwanza.

Naikumbuka yangu. Babu aliweka juu ya manila kile kipande cha bati, kielelezo alichokikata kutoka kwenye kopo la mafuta ya kupikia, nikapita na penseli pembeni mwake. Kisha akachukua kisu, akakigeuza, akaweka rula, na kwa mgongo wa kisu akaipitia karatasi pale itakapokunjwa. Mlio wake nausikia hata sasa, mlio mkavu, mfupi, kama panzi anayeruka kwenye nyasi kavu. Karatasi haikukatika, ila ilibaki na mfereji mwembamba usioonekana mpaka uinamishe kichwa upande wa dirishani.

"Mpe njia kwanza," alisema. "Ukishampa njia atapita mwenyewe."

Alizungumza na karatasi kama mtu, na mbao vilevile. Akanipa kisu, mkono wake juu ya mkono wangu. Mstari wa kwanza tulikwenda pamoja. Wa pili tulikwenda pamoja. Wa tatu sijui. Nilipofika mwisho wa rula niligeuka, nikamwona amekaa kiti cha pili, anamsaidia binamu yangu kufungua kifuniko cha gundi. Mkono wake ulikuwa na tabia hiyo ya kuondoka usijue umeondoka lini. Nimekutana na walimu wengi baada yake, wenye vyeti na wasio navyo, na sijaona mwingine aliyejua kuondoa mkono namna ile.

Gundi ilikuwa ya bibi. Unga wa muhogo uliotoka Kyela, maji, chumvi kidogo, ukipikwa kwa moto mdogo mpaka ung'ae kama ute wa yai. Kupika uji wa kunywa na kupika gundi ni kazi mbili, alisema, na aliyezichanganya hatapata uji wala gundi. Tuliilamba, bila shaka. Hakuna mtoto aliyepita kwenye meza ile asiyeilamba. Halafu vidole vilivyogundishwa vilipelekwa jikoni, vikasimamishwa kwenye chano juu ya mafiga, maana Rungwe ya Desemba ni maji na ukungu, na kitu usipokikausha kwa moto hakikauki. Pale vilikaa majuma mawili. Kwa hiyo nyota yetu haikuwa nyeupe kama ile ya Kariakoo. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, vidole vya zamani vimekolea zaidi, vipya vimepauka, na ukisogeza pua ilinukia moshi na ndizi za kuchoma.

Jumapili ya nne kiwiliwili cha fito za mwanzi kilitolewa na vidole vikafungwa kwa uzi, kimoja kimoja, kuanzia cha chini. Babu aliita jina, mwenye jina akajongea. Hapakuwa na kuharakisha, na ole wake aliyesukuma mwenzake. Kisha kitindamimba akanyanyuliwa, akapitisha balbu ya tochi iliyounganishwa na betri mbili, akatoa mkono, bibi akapunguza utambi wa chemli. Tukanyamaza. Vidole vikawaka kutoka ndani, kila mshono unaonekana, kila mkunjo, kila mahali mtoto alipokosea. Ikatundikwa barazani, na watu waliopita njiani kwenda kwenye mkesha, miavuli juu na viatu mkononi kwa ajili ya utelezi, waliiona katika ukungu kabla ya kuiona nyumba. Wao waliona nyota moja. Sisi kila mmoja aliona vidole vyake viwili. Changu cha pande nne kilielekea kanisani, kule tulikosikia matarumbeta yakijaribu sauti, na cha pande tatu kilielekea chini, mgombani.

Nyota hii haikuzaliwa Rungwe. Ilitoka Ujerumani kwa Wamoraviani, ambao kijiji chao cha Herrnhut kilianzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia, kwenye ardhi ya kabaila mmoja aitwaye Zinzendorf. Mwaka 1732 wakatuma wamisionari wao wa kwanza visiwa vya Karibi, wakafuata wengine Greenland, Suriname na Labrador, na mwaka 1891 Theodor Meyer na wenzake wakafika Rungwe. Leo hakuna nchi duniani yenye Wamoraviani wengi kama Tanzania. Hayo kila mtoto wa shule ya Jumapili kwetu anayajua. Ninalolifikiri mara nyingi zaidi ni habari ya watoto. Wazazi wale waliokwenda mbali waliwaacha wana wao nyuma, katika shule za bweni za kanisa, miaka mingi, wengine wakiwa wadogo kuliko binti yangu. Mojawapo ya shule hizo ilikuwa Niesky, na huko ndiko nyota ilikoanzia, mapema katika karne ya 19, kama zoezi la hesabu. Watoto wapige pembe, wapime pande, wakunje karatasi, wajionee umbo linavyosimama. Majilio yakifika, wakaitundika. Baadaye familia ya Verbeek ikaanza kuzitengeneza za kuuza, ikawa kazi ya kiwanda, na hapo Herrnhut mpaka leo karatasi zake bado zinagundishwa kwa mikono ya watu.

Nawawazia watoto wale mezani kwao, theluji ya kweli dirishani, si ya pamba. Wazazi wa huyu wako Labrador, wa yule wako Suriname, barua inachukua miezi. Mwalimu anasema leo tutafanya jometri. Kanisa hilo lilikuwa na desturi ya kuwakumbuka watoto Krismasi. Huko Marienborn, Ujerumani, mwaka 1747 kila mtoto alipewa mshumaa unaowaka uliofungwa utepe mwekundu. Lakini mshumaa unapewa na mtu mzima, na unakwisha. Nyota waliifanya wenyewe, na iliwapa majuma manne ya kuwa na shughuli mikononi wakati moyo uko kwingine. Babu hakuwahi kutueleza hivyo, sijui kama aliwaza hivyo. Alikuwa akisema tu kwamba mtoto asiye na kazi Desemba hunung'unika.

Sasa watoto wetu hawanung'uniki. Wamepewa simu. Basi likitoka Dar alfajiri kwenda Mbeya, utaona kiti baada ya kiti mtoto ameinamisha kichwa, mwanga wa bluu umempiga usoni, na milima ya Kitonga inapita dirishani bila kutazamwa. Nyumbani mti umekwisha kusimama, umetolewa kwenye boksi tayari una matawi, taa na mapambo yake. Watoto wanasimamishwa mbele yake, wanapigwa picha, picha inatumwa kwa ndugu, ndugu wanajibu kwa alama ya moyo. Kazi imekwisha. Simlaumu muuza duka wa Kariakoo, naye ana watoto wa kusomesha. Ninajilaumu mimi, niliyekuwa najua. Tunasema muda hatuna. Nyota ya babu ilitaka Jumapili nne, saa moja au mbili kila Jumapili, na yeye alikuwa na shamba, na ng'ombe, na oda za milango na madirisha za kumaliza kabla ya sikukuu kama fundi yeyote. Muda ule aliutoa wapi? Aliutoa kwa kukaa kitako na kutoinuka.

Alipofariki, nyota ilitundikwa miaka miwili zaidi. Mwaka wa tatu wakubwa wawili hawakuja, mmoja kwa sababu ya kazi, mwingine kwa sababu ya ugomvi wa shamba nisiotaka kuusema hapa. Mwaka wa nne bibi alikuwa hospitali. Hapana aliyesema tuiache. Iliachwa tu, kama njia ya mguu inavyoota majani. Leo wajukuu tumetawanyika Mwanza, Dodoma, Songea, mmoja yuko Botswana, na wawili wako udongoni. Mmoja wa hao wawili ndiye kitindamimba wetu, mwenye mkono mdogo.

Siku saba kabla ya Krismasi nilimchukua binti yangu tukapanda basi la Mbeya. Uyole tukashuka, tukapata gari la Tukuyu, tukafika kwa shangazi usiku, tumelowa. Asubuhi nikaomba ngazi. Sanduku lilikuwa palepale. Mchwa wameingia kwa chini, wamekula vilivyokuwa kwenye kona, na panya wamefanya kiota cha vilivyokuwa katikati. Vidole 25 vimebaki 14. Kiwiliwili kimepondeka upande mmoja, lakini mwanzi bado una nguvu. Kielelezo cha bati cha pande nne kilikuwamo, kimeshika kutu. Cha pande tatu hakikuwamo. Tulikitafuta kila mahali, shangazi na mimi, hata kwenye sanduku la randa na patasi zake. Nikawapigia binamu zangu simu mmoja mmoja. Wa Mwanza alikumbuka wimbo tuliokuwa tukiimba gundi ikipoa. Wa Dodoma alikumbuka ladha ya gundi. Wa Botswana alilia, akakata simu, akapiga tena baadaye kuomba radhi. Kipimo hapana aliyekikumbuka. Tulikuwa 13 kuizunguka meza ile mwaka baada ya mwaka, na wote tulidhani bati litakuwapo siku zote.

Ilibidi nifungue kimoja kilichobaki, nikilaze, nikichore upya. Nilivipanga mezani, nikasoma majina. Cha kitindamimba kilikuwapo, kimoja chake, kizima kabisa, na mkono wangu ulikiruka. Nikachukua changu cha pande tatu.

Binti yangu alisimama karibu wakati nakishika juu ya mvuke wa sufuria. Muhogo ulikuwa umeshika miaka zaidi ya 30, haukuachia upesi. Kidogo kidogo mshono ukalegea, nikaingiza ncha ya kisu, nikaufungua. Na ndani yake, kwa urefu wote wa mshono, palikuwa na ukanda wa gazeti. Umekatwa kwa uangalifu, wembamba wa kidole cha mwisho, umegundishwa kwa ndani mahali pasipoonekana hata balbu ikiwaka, kwani uko palepale karatasi zilipopandana. Nusu ya picha ya mchezaji mpira ilibaki juu yake, goti na kiatu.

Mimi sikuuweka. Niligundisha kidole kile peke yangu, nikajisifu nacho shuleni, nikamcheka dada yangu ambaye chake kiliachia mwaka ule. Nikachukua tochi, nikamulika ndani ya vingine vyote. Kila kidole cha mwaka wa kwanza wa mtoto kilikuwa na ukanda. Vya wakubwa, vya mwaka wa tatu na wa nne, havikuwa nao. Alikuwa akifanya hivyo lini? Labda usiku, vikiwa juu ya mafiga, nasi tumelala wanne wanne kitandani.

Siku zilizobaki tulifanya kazi, binti yangu na mimi, na shangazi akapika gundi akiwa amekaa kwa ajili ya magoti yake. Tulipata vidole vitano. Ukiacha ule wa taa, nyuso sita zilibaki bila kitu, na hapakuwa na mikono ya kuzijaza. Cha binti yangu kilikuwa cha pande tatu, kilichochorwa kutoka kwenye changu. Mistari aliipitia vizuri, lakini kwenye kugundisha alichoka, ncha ikapinda, na mshono ukaacha mwanya unaopitisha ukucha. Akaandika jina lake kwenye kitako, herufi ya mwisho imepanda juu ya mkunjo. Akakisimamisha kwenye chano mwenyewe. Akauliza mara mbili kama panya hawatakifikia, kisha akaenda kulala.

Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya bati. Shangazi alikuwa ameacha sukari mezani, imefungwa kwa gazeti. Nikaihamishia kwenye bakuli, nikalinyoosha gazeti kwa kiganja, nikatafuta mkasi.